Chakula Kimekataa, Lakini Kimekataaje?

Wiki ya saba tangu dada yangu afanyiwe upasuaji wa kupunguza uzito, shangazi yetu alikuja kutoka Kongwa kumjulia hali. Alifika nyumbani Ipagala, hapa Dodoma, na kifurushi: unga wa uwele, mlenda uliokaushwa na kusagwa, na karanga. Alikuwa ameambiwa kwamba mgonjwa hali kitu, na kwa shangazi jambo hilo lina tiba moja tu. Akasonga ugali mwenyewe, akapika mlenda ukavutika, akatenga. Dada alikata tonge dogo, akachovya, akameza. La pili halijafika mbali alipoinuka ameshika kifua, mate yamemjaa mdomoni. Baada ya dakika chache yalirudi yote mawili, karibu kama yalivyoingia.

"Ugali umemkataa mwanangu," shangazi alisema, na ilimuuma kweli.

Siku chache baadaye dada alikunywa nusu glasi ya juisi ya zabibu. Hazikupita dakika ishirini akatokwa jasho jembamba, moyo ukaenda mbio, ikabidi alale sakafuni. Tukasema zabibu nazo zimemkataa. Wiki iliyofuata chai ya maziwa ikamharisha: maziwa pia. Kisha akaanza kukimbia jikoni kila nikichemsha mayai, kwa sababu ya harufu tu. Kufikia mwezi wa tatu orodha ya vilivyomkataa ilikuwa ndefu kuliko ya vile anavyokula, na mimi niliyekuwa nampikia nilishaanza kuogopa.

Kosa letu lilijificha ndani ya neno hilo moja, kukataa. Tulikuwa tunalitumia kwa mambo manne yasiyo na undugu. Ugali ulikwama. Juisi ilimwagika mahali pasipoiwezea. Maziwa yalikosa kimeng'enya cha kuyavunja. Mayai hayakufika hata tumboni, yaliishia puani. Na lipo la tano, ambalo kwa rehema ya Mungu halikumpata dada, nalo ni ugonjwa wa kweli unaojifanya kuwa chakula kimekataa. Kila moja lina sababu yake na namna yake ya kushughulikiwa, na ushauri unaofaa kwa moja unaweza kumdhuru mwenye jingine. Watu wanapewa mawaidha yanayopingana, wanakata tamaa, wanaishia kula biskuti na chai. Ndiyo maana nimeona nilieleze jambo hili taratibu.

Kwanza, tumbo lenyewe lilifanyiwa nini

Tumbo la chakula la mtu mzima hutanuka hadi kubeba lita moja na zaidi. Kazi zake ni tatu: kuhifadhi, kusaga, na kuruhusu kilichosagwa kiingie kwenye utumbo mwembamba kidogo kidogo. Hiyo kazi ya tatu watu huisahau, ilhali ndiyo inayoeleza nusu ya matatizo nitakayoyataja.

Upasuaji unaofanywa zaidi duniani siku hizi ni ule wa slivu. Daktari anaondoa karibu asilimia 75 hadi 80 ya tumbo na kuacha bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Mlango wa chini wa tumbo unabaki. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi ghrelini, homoni ya njaa ambayo wanasayansi wa Japani waliitambua mwaka 1999. Kwa hiyo miezi ya mwanzo mtu hasikii njaa kama zamani, na akikaa siku nzima bila kula si lazima awe anajilazimisha.

Aina ya pili, aliyofanyiwa dada, nitaiita mchepuko. Barabara ya mzunguko ya Dodoma, ile ya kilomita 112.3, ilijengwa ili malori ya safari ndefu yasilazimike kukatiza katikati ya mji. Upasuaji huu unafanya hivyo kwa chakula. Daktari anatenga kifuko kidogo juu ya tumbo, cha mililita 30 hivi, sawa na vijiko viwili vya mezani, kisha anakiunganisha moja kwa moja na sehemu ya mbele ya utumbo mwembamba. Tumbo lililobaki halitolewi. Linakaa humo humo na kuendelea kutoa majimaji yake, ila chakula hakilipitii tena. Aliyeanzisha njia hii ni Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, pamoja na Chikashi Ito, mwaka 1966. Mason alikuwa ameona kwamba wagonjwa waliokatwa sehemu ya tumbo kwa ajili ya vidonda walikonda na hawakunenepa tena kwa urahisi.

Kuna pia puto linalowekwa tumboni bila kukata kitu, ambalo kwa kawaida huondolewa baada ya miezi kama sita. Hilo lina kichefuchefu chake cha siku za mwanzo, lakini njia ya chakula inabaki ileile, kwa hiyo mengi ya hapa hayalihusu.

Tonge lililokwama

Nikirudi kwenye ugali wa shangazi, naona ndipo sisi watu wa kanda ya kati tunapopaswa kukaa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu tatizo halikuwa uwele. Uwele ni nafaka nzuri. Tatizo ni kwamba ugali hatuutafuni. Tangu utotoni tunafinyanga tonge, tunachovya, tunameza. Mlenda ndio mwalimu wetu mkuu wa kumeza: utelezi wake unalishusha tonge zima hadi chini bila meno kuhusika. Tumbo la zamani lilikubali mtindo huo kwa sababu lilikuwa na nafasi ya kulipokea na misuli ya kulisaga. Kifuko cha vijiko viwili hakina kimoja wala kingine. Tonge moja linakijaza, na tundu la kutokea ni dogo kuliko tonge. La pili likija linakaa juu ya la kwanza, kwenye koo la chakula, ndipo mtu anaposhika kifua.

Kwa hiyo mlenda, ambao kila mtu angedhani ndio chakula laini kuliko vyote, ulikuwa mshiriki wa ajali. Peke yake, kijiko kwa kijiko, ulipita bila shida yoyote. Na ulipotiwa karanga za kusagwa ukawa chakula hasa. Ukibeba tonge, unaficha uzito wa tonge hilo mpaka limeshafika pasipo na njia.

Ukishaelewa hivyo, vyakula vingine vinavyolalamikiwa sana vinajieleza vyenyewe. Mkate laini na chapati hukusanyika vikawa donge bichi. Mkate huohuo ukikaushwa kwenye kikaango mara nyingi unapita. Wali hunata na kuendelea kuvimba. Nyama ya ng'ombe ina nyuzi ndefu, na ikichomwa mpaka ikakauka meno hayazimalizi, ndiyo sababu wengi waliofanyiwa upasuaji huu huikwepa kwa muda mrefu kuliko chakula kingine chochote. Kuku wa kienyeji, hata yule wa Singida tunayemsifia, ni mgumu kwa miezi ya mwanzo. Anahitaji kuchemshwa mpaka aachane na mfupa. Jambo nililolijua kwa kupika ni kwamba nyama ileile iliyopita vizuri mchana inaweza kukwama usiku ikipashwa moto, kwa kuwa imepoteza maji. Nikaanza kuipasha ndani ya supu, na ikapita.

Madaktari na wataalamu wa lishe hupanga ngazi ili kuzuia mambo haya. Ratiba za hospitali hutofautiana kidogo, lakini kwa kawaida ni vitu vyepesi vilivyochujwa kwa siku ya kwanza au mbili, kisha vinywaji vizito mpaka kama wiki ya pili, kisha vilivyopondwa, kisha vyakula laini, na chakula cha kawaida kuanzia kama wiki ya nane. Ugali wa shangazi ulikuja kabla ya zamu yake. Ungekuja kama uji mzito wa uwele, bila sukari, umetiwa karanga, huenda ungepita bila habari.

Namna ya kula nayo inabadilika. Kijiko cha chai badala ya mkono, kisosi badala ya sahani, kutafuna mpaka chakula kiwe kama uji mdomoni, na kutulia kati ya kijiko na kijiko. Maji hayanywewi pamoja na chakula. Husubiri kama nusu saa. Na dada alilazimika kujifunza upya shibe yake inasemaje. Shibe ya zamani ilikuwa uzito wa tumbo. Shibe mpya huja kwa ishara za ajabu: kwikwi, pua kuanza kutiririka, chafya, mgandamizo katikati ya kifua. Ishara hizo zikija, kijiko kinachofuata ndicho kitakachorudisha vyote. Na kikikwama, usisukumie maji. Kwa tumbo la zamani tulifanya hivyo sote; kwa hili, maji yanakaa juu ya kizibo na yote yanarudi pamoja.

Juisi iliyomwagika

Juisi ya zabibu haikukwama hata kidogo. Shida yake ilikuwa kinyume: ilipita kasi mno.

Nilisema kazi ya tatu ya tumbo ni kuruhusu chakula kidogo kidogo. Kwenye mchepuko mlango huo umerukwa, kwa hiyo kinywaji chenye sukari nyingi kinafika kwenye utumbo mwembamba kwa mkupuo, kama lori la kokoto linalomwaga shehena yote mlangoni. Utumbo unajibu kwa kuvuta maji kutoka kwenye damu ili kuizimua ile sukari, na homoni za utumbo zinatolewa kwa wingi. Ndani ya dakika 10 hadi 30 mtu anapata msokoto wa tumbo, kuhara, jasho, kizunguzungu, moyo kwenda mbio. Madaktari wanaita dampingi ya mapema. Inatisha kuitazama, lakini mara nyingi hupita yenyewe mtu akilala chali kwa muda. Waliofanyiwa slivu nao huweza kuipata, ingawa mara chache zaidi kwa sababu mlango wao bado upo.

Ipo ya kuchelewa, na hii watu hawaiunganishi kabisa na chakula. Sukari iliyoingia kwa ghafla hulifanya kongosho kutoa insulini kupita kiasi, na baada ya saa moja hadi tatu sukari ya damu inashuka chini mno: kutetemeka, njaa kali, kuchanganyikiwa, wakati mwingine kuzimia. Mara nyingi huanza mwaka mmoja au zaidi baada ya upasuaji, mtu akiwa ameshajiona amepona. Anayepata hali hii akiwa anaendesha bodaboda au gari yuko hatarini, na anapaswa kumweleza daktari wake hata kama ni mara moja tu. Kama bado anatumia dawa za kisukari, ndiyo zaidi.

Hapa Dodoma jambo hili lina sura ya kwetu. Zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, na msimu ukifika kila kona kuna mtu na beseni. Zabibu mbichi zina takriban gramu 16 za sukari kwa kila gramu 100. Tano sita, zikitafunwa vizuri baada ya mlo wenye protini, ni jambo moja. Juisi iliyokamuliwa kutoka kwenye kichane kizima ni jambo jingine kabisa. Ubuyu vivyo hivyo. Unga wake mweupe uliokorogwa kwenye maji bila sukari ni mchachu, una vitamini C, na uliwahi kumsaidia dada siku ambazo maji matupu yalikuwa yanamtia kichefuchefu. Ubuyu mwekundu uliopikwa kwa sukari ni peremende. Asali ya Manyoni tunaiita dawa, na kwa mengi ni kweli, lakini utumbo uliochepushwa unaisoma kama sukari.

Na mvinyo. Sitamwambia mtu mzima wa Dodoma asahau mvinyo wa nyumbani, lakini ajue kwamba baada ya upasuaji huu pombe huingia kwenye damu haraka zaidi na kupanda juu zaidi. Glasi moja inaweza kuwa kama mbili au zaidi za zamani, na mtu hujiona yuko sawa wakati siyo. Baadhi ya watu huangukia kwenye ulevi miaka michache baada ya upasuaji bila kuwa walevi kabla. Daktari akikuuliza kuhusu pombe, mjibu ukweli.

Kwa nini mawaidha yanapingana

Sasa tazama. Mwenye dampingi ya mapema anaambiwa alale baada ya kula, na ni ushauri sahihi. Mwenye slivu anayesumbuliwa na kiungulia, tatizo ambalo slivu inajulikana kulileta au kulizidisha, akifuata ushauri huohuo atapandishiwa asidi mpaka kooni; yeye anatakiwa akae wima, ale chakula cha jioni mapema, na ainue kichwa cha kitanda.

Mwenye dampingi ya kuchelewa akianza kutetemeka, jirani mwema anakimbia dukani kuleta soda. Chupa ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 au zaidi. Itamwinua, halafu itamwangusha tena baada ya saa mbili kwa njia ileile iliyomwangusha mwanzo. Sukari kidogo inahitajika pale pale, ndiyo, kama vijiko viwili vitatu vya chai kwenye maji, lakini ifuatwe na kitu chenye protini, yai au mtindi, ili isirudi chini. Kinga yenyewe iko kwenye mlo uliotangulia.

Na anayekwama anaambiwa "kula vitu laini". Akisikia hivyo bila maelezo anaishia kwenye vitu vinavyoteleza bila kupingwa: biskuti zilizochovywa kwenye chai, uji wenye sukari, aisikrimu, kripsi zinazoyeyuka mdomoni. Hivyo havimkatai kamwe. Nyama na mboga zinamkataa, biskuti inamkubali, na mwili hauna namna ya kumwambia kwamba kinachokubalika ndicho kinachomrudishia uzito huku damu yake ikikosa chuma. Naliona hili kuwa hatari kubwa kuliko kutapika kwenyewe, kwa sababu halina maumivu.

Ndiyo maana protini hutangulizwa kwenye kila mlo, wengi wakielekezwa angalau gramu 60 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi. Samaki aliyepikwa, kipande cha gramu 100, ana zaidi ya 20. Huku kwetu perege wa Mtera ametufaa kuliko kitu chochote: nyama yake haina nyuzi ndefu, inavunjika kwa kijiko. Maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda nayo yalipita mapema. Gramu 60 kwa tumbo la vijiko viwili ni kazi ya kutwa nzima, na hakuna nafasi ya kuipa biskuti.

Maziwa

Kuhara kwa chai ya maziwa hakukutokana na kukwama. Sukari iliyomo ndani ya maziwa, laktosi, huvunjwa na kimeng'enya kilichoko kwenye kuta za utumbo mwembamba. Watu wazima wengi duniani wana kidogo tu. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba kwa wafugaji wa Afrika Mashariki uwezo wa kunywa maziwa ukubwani ulizuka kivyake, kwa mabadiliko ya vinasaba tofauti na yale ya Wazungu. Kanda ya kati ina watu wa kila namna, waliotoka kwenye ukoo wa ng'ombe na waliotoka kwenye ukoo wa jembe, na katika familia moja mmoja anaweza kuyaweza na mwingine asiyaweze.

Upasuaji unachofanya ni kufichua. Aliyekuwa anaweza kwa shida, sasa maziwa yanapita kasi kuliko kimeng'enya chake kidogo kinavyofanya kazi. Tulibadili kwenda mtindi, ambao bakteria wameshaila sehemu ya laktosi, tukaanza na vijiko vitatu bila sukari. Ulikubali. Wengine hurudi kwenye maziwa kamili baada ya miezi.

Pua na ulimi

Kuhusu mayai hakukuwa na cha kurekebisha jikoni. Baada ya upasuaji ladha na harufu hubadilika kwa watu wengi: vitu vitamu huwa vitamu kupita kiasi, mafuta ya kukaangia huchefua, nyama hunuka chuma, na chakula ulichokipenda miaka yote kinakuwa adui. Kwa kawaida hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Nililofanya ni kuacha kuchemsha mayai ndani, kumpa chakula kikiwa vuguvugu badala ya moto kwa sababu mvuke ndio unaobeba harufu, na kutumia limau na ukwaju. Sikumlazimisha. Kulazimishwa kula kinachokunukia vibaya hugeuza chuki ya mwezi mmoja kuwa ya mwaka.

Tuliandika daftari: kitu kimoja kipya kwa wakati, kiasi, saa, na kilichotokea baada ya muda gani. Huo muda ndio unaosema mengi. Kikirudi ndani ya dakika chache bila kusagwa, kimekwama. Jasho ndani ya nusu saa, kimemwagika. Kutetemeka baada ya saa mbili, ni insulini. Gesi na kuhara baada ya maziwa tu, ni laktosi. Na kilichoshindikana leo kilijaribiwa tena baada ya wiki tatu nne, kwa sababu tumbo la mwezi wa tatu siyo la mwezi wa tisa.

Pasipo na mjadala

Homa, maumivu makali ya tumbo au moyo kwenda mbio bila kupumzika katika wiki za mwanzo: hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa mshono unaweza kuwa unavuja. Kushindwa kubakiza hata maji kwa siku nzima: hospitali. Chakula kigumu kuanza kukataa, kisha kilaini, kisha maji, hasa kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu, huashiria kwamba kiungo, yaani pale kifuko kilipounganishwa na utumbo, kimesinyaa; daktari anaweza kukitanua kwa mpira wa hewa akitumia kamera ya mdomoni. Maumivu chini ya mbavu za kulia baada ya mafuta yanaweza kuwa mawe kwenye kifuko cha nyongo, ambayo huja watu wanapopungua uzito haraka. Diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu tunazonunua dukani kama karanga, huweza kutoboa vidonda kwenye kiungo cha mchepuko. Uliza kwanza.

Na hili nalisisitiza kwa wauguzi na ndugu. Akiba ya thiamini, yaani vitamini B1, mwilini haizidi wiki mbili tatu. Aliyekuwa anatapika kwa muda huo akifika zahanati amelegea, kitu cha kwanza kinachofikiriwa ni dripu ya glukosi. Glukosi ikitangulia kabla ya thiamini inaweza kumharibu ubongo. Mtu akianza kuona viwili, kuyumba akitembea, ganzi miguuni au kuchanganyikiwa, sema kwa sauti: huyu amepasuliwa tumbo la kupunguza uzito, apewe thiamini kwanza.

Vidonge vya vitamini na madini navyo ni vya maisha, hasa kwa mchepuko: B12, chuma, kalsiamu, vitamini D na vingine atakavyoandikiwa. Chuma na kalsiamu vipishane angalau saa mbili, na chuma kisimezwe na chai, kwa kuwa chai hukizuia. Tena kwa ukavu wa Dodoma, upepo ule wa Septemba na Oktoba, maji ni ya kunyonya funda dogo kutwa nzima. Dada alitembea na chupa kama mtoto wa shule.

Watu

Lililotuchosha kuliko yote lilikuwa wageni. Kwetu chakula ndicho salamu, na anayeacha kisosi nusu anaonekana amekidharau kilichopikwa au anaringa. Kwenye misiba na harusi dada aliulizwa mbele ya watu kwa nini hali, na mara nyingine alikula ili asimuudhi mwenyeji, akaenda kutapika nyuma ya nyumba. Mwishowe tukabuni njia: ninafika mapema, naongea na mama wa jikoni pembeni, naomba kisosi kimoja chenye samaki au maharage. Hakuna aliyewahi kukataa. Watu wakielezwa jambo kwa heshima wanalielewa.

Mwezi wa kumi tulikwenda Kongwa. Shangazi alikuwa na perege, mlenda wa karanga na ugali laini aliousonga kidogo kwenye sufuria ndogo ya peke yake. Dada alianza na samaki. Kisha akakata tonge la ukubwa wa korosho, akatafuna kwa muda mrefu, shangazi akimtazama mdomo. Akala la pili na la tatu, akaweka mkono magotini.

"Umekukataa?" shangazi akauliza.

"Hapana shangazi. Nimeshiba."